Lugha ya Kati na Kinachopotea Njiani

Mhaya wa Bukoba akimsimulia Mkikuyu wa Nyeri habari za mgeni aliyefika nyumbani kwake, watu hao wawili hukutana katika Kiswahili. Kihaya huugawa wakati uliopita katika ngazi kadhaa: kitenzi chenyewe, kabla ya neno lolote kuongezwa, huonyesha kama mgeni alifika leo, au jana, au siku za nyuma zaidi. Kikuyu nacho kina ngazi za namna hiyo. Lakini Kiswahili kilichowakutanisha hutosheka na "alifika". Msimulizi asipoongeza "leo", "jana" ama "zamani", habari iliyokuwamo katika Kihaya, na ambayo Kikuyu kingeipokea bila taabu, huwa imepotea katikati ya safari. Kosa si la msemaji wala la msikilizaji. Limo katika kituo walichopitia.

Mfano huu wafaa kutangulizwa katika mjadala ambao wataalamu wa kompyuta wameuendesha kwa zaidi ya miaka 60: je, yafaa lugha ya programu iliyotungwa ili isomwe na kuandikwa na binadamu itumike kama kituo cha kupitia katika kuzitafsiri lugha nyingine? Wapo wanaoiona njia hiyo kuwa ya mkato na isiyo na heshima. Wapo pia wanaoishangilia kana kwamba haina gharama. Makala haya yanashikilia kwamba pande zote mbili zimeliuliza swali vibaya. Lugha ya kati haihukumiwi kwa ukaribu wake na mashine, bali kwa maana inayoipoteza. Na mwenye kuijua hasara hiyo na kuifidia aweza, kwa nguvu kidogo, kutenda kazi ambayo zamani ilidai shirika zima.

Kazi ya kompaila

Kompyuta haielewi lugha yoyote ila ile ya mashine yake: amri fupi fupi zilizoandikwa kwa namba, kama vile kuchukua thamani kutoka mahali fulani katika kumbukumbu, kuijumlisha na nyingine, kisha kuirudisha. Kila ukoo wa mashine una amri zake, na amri za ukoo mmoja ni kelele tupu kwa ukoo mwingine. Binadamu hawezi kuandika kwa amri hizo kwa muda mrefu bila kuchoka na kukosea. Ndiyo sababu zikatungwa lugha za ngazi ya juu, ambazo huandikwa kwa maneno na alama za hesabu, na pamoja nazo zikatungwa kompaila, yaani programu ambazo kazi yake ni kuzitafsiri programu nyingine kutoka lugha ya ngazi ya juu hadi lugha ya mashine.

Kutengeneza kompaila si kazi ndogo. Kikundi kilichoongozwa na John Backus katika kampuni ya IBM kilianza kazi ya lugha ya FORTRAN mwaka 1954, na ilipofika 1957 ndipo kompaila yake ilipowafikia watumiaji wa mashine ya IBM 704. Baada ya jasho lote hilo, kompaila ile ilifaa aina moja tu ya mashine.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza kuwatisha watu. Tuseme kuna lugha 6 za programu na aina 5 za mashine. Kila lugha ikihitaji kompaila yake kwa kila mashine, zitahitajika kompaila 30. Ikitungwa mashine ya 6, kompaila nyingine 6 zitapaswa kuandikwa. Lakini ikiwapo lugha moja ya kati, itatosha kuandika wafasiri 6 wa kuingia katika lugha hiyo, na wafasiri 5 wa kutoka humo kwenda kwenye mashine: jumla yao 11. Mashine ya 6 itadai mfasiri mmoja tu. Kuzidisha kumegeuka kuwa kujumlisha. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuiona faida hiyo, na ni faida ileile ambayo Kiswahili kimewapa watu wa nchi yenye lugha zaidi ya 100.

Ndoto ya lugha kamilifu

Mwaka 1958 kamati ya SHARE, chama cha watumiaji wa mashine za IBM, ilipendekeza itungwe lugha ya kati ya namna hiyo kwa ajili ya ulimwengu mzima wa kompyuta. Iliitwa UNCOL. Mwaka huohuo Melvin Conway naye alichapisha pendekezo lake kuhusu lugha hiyo. Hesabu yao ilikuwa sahihi na nia yao ilikuwa njema, lakini UNCOL haikupata kutimizwa.

Sababu yake yafaa ieleweke vizuri, kwani imo ndani yake hoja nzima ya makala haya. Lugha ya kati ya ulimwengu mzima ilipaswa kuwa na nafasi ya kila wazo litakalopatikana katika lugha yoyote ya programu, pamoja na zile ambazo hazijatungwa. Ilipaswa pia kuwa karibu na kila mashine, pamoja na zile ambazo hazijaundwa. Kila walipoongeza nafasi upande wa lugha, ndivyo kazi ilivyoelemea upande wa mashine. Na kila walipoisogeza karibu na mashine, ndivyo maana za lugha zilivyokosa mahali pa kukaa. Watunzi walikuwa wakishona vazi moja la kumtosha mtoto na mzee, mnene na mwembamba.

Mtumishi asiyetarajiwa

Kilichoshindikana kwa kutungwa kilikuja kupatikana kwa kuokotwa. Katika miaka ya mwanzo ya 1970, Dennis Ritchie wa maabara ya Bell nchini Marekani alitunga lugha iitwayo C kwa ajili ya kuandikia mfumo wa Unix. Hakuitunga iwe kituo cha lugha nyingine. Lakini ilikuwa ndogo. Ilishughulika na kumbukumbu karibu kama mashine yenyewe inavyoshughulika nayo. Na kwa kuwa Unix ilihamishwa kutoka mashine hadi mashine, kompaila ya C nayo ilisafiri. Kila mashine mpya ilipozaliwa, mojawapo ya kazi za kwanza za waundaji wake ilikuwa kuipatia kompaila ya C. Mwaka 1989 lugha hiyo ikapata sanifu rasmi nchini Marekani, na mwaka uliofuata sanifu ya kimataifa.

Watunzi wa lugha mpya waliiona nafasi hiyo. Huko Kyoto, nchini Japani, Taiichi Yuasa na Masami Hagiya walitoa mwaka 1984 mfumo wa Lisp ambao kompaila yake iliandika C. Lugha ya Eiffel ya Bertrand Meyer, iliyotokea katikati ya muongo huo, ilifuata njia hiyo. Katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Melbourne kiliitengeneza lugha ya Mercury kwa namna hiyohiyo, na hata leo lugha ya Nim hutafsiriwa kwanza kuwa C.

Mfano maarufu kuliko yote ni Cfront, kompaila ya kwanza ya lugha ya C++, aliyoiandika Bjarne Stroustrup katika maabara ya Bell na ambayo toleo lake la kwanza la kuuzwa lilitoka mwaka 1985. Cfront ilisoma programu ya C++, ikaikagua yote, kisha ikaandika programu ya C yenye maana ileile. Kompaila ya C iliyokuwapo kwenye mashine ndiyo iliyomalizia kazi. Jambo la ajabu ni kwamba Cfront yenyewe ilikuwa imeandikwa kwa C++. Je, ingewezaje kufika kwenye mashine ambayo haijawahi kuiona C++? Ilitafsiriwa nyumbani kuwa C, maandishi hayo ya C yakabebwa hadi kwenye mashine mpya, na huko kompaila ya wenyeji ikayageuza kuwa programu hai. Lugha iliingia nchi ya kigeni kwa hati ya kusafiria ya lugha nyingine.

Faida zake ni dhahiri. Mtunzi mmoja, ama kikundi kidogo cha chuo kikuu, hupata mara moja mashine zote zilizokwisha kupata kompaila ya C. Hupata pia, bila kulipa, ujuzi wa miaka mingi wa watu waliozifundisha kompaila hizo kuondoa amri zisizo na kazi na kuchagua zilizo nyepesi. Tena matokeo ya tafsiri husomeka: mtu akishuku kwamba kompaila yake imekosea, hufungua maandishi ya C na kuyasoma kwa macho yake, badala ya kupapasa katika msitu wa namba.

Kinachopotea

Kama faida zingekuwa peke yake, mjadala ungeishia hapa. Lakini kila lugha ina maana zake, na C haikuandikwa kwa ajili ya kulinda maana za wengine.

Mfano wa kwanza ni wa hesabu. Katika lugha ya Java, sheria inasema kwamba namba kamili ya biti 32 ikifika 2,147,483,647 na kuongezwa 1, huzunguka na kuwa −2,147,483,648. Matokeo hayo huenda yasimpendeze mwalimu wa hisabati, lakini yamefafanuliwa, na programu yaweza kuyategemea. Katika C, kujumlisha kwa namna hiyo katika namba zenye alama hakukufafanuliwa kabisa. Kompaila ina ruhusa ya kudhani kwamba hakutatokea kamwe, na kuifupisha programu kwa kufuata dhana hiyo. Mtafsiri anayenakili alama ya kujumlisha kutoka Java hadi C bila kufikiri atakuwa ameandika sentensi inayofanana na ya kwanza kwa sura, lakini isiyo na ahadi yake. Namba −7 ikigawanywa kwa 2 katika lugha ya Python, baki ni 1. Katika C, baki ni −1. Alama ya kugawanya ni ileile moja, lakini kila lugha ina maana yake.

Mfano wa pili ni wa kuitana. Fanksheni moja ikiiita nyingine, huweka kumbukumbu ya mahali pa kurudi juu ya rundo. Lakini ikiwa kuita huko ndilo tendo lake la mwisho, hakuna la kurudia, na nafasi yake yaweza kutolewa kwa aliyeitwa. Lugha ya Scheme imeifanya desturi hii kuwa sheria, na watumiaji wake huandika mizunguko mirefu kwa njia ya kuitana tu. C haikutoa ahadi hiyo. Mzunguko wa mara milioni moja ukihamishwa ovyo kutoka Scheme hadi C waweza kulijaza rundo na kuiangusha programu isiyo na kosa. Mwaka 1994 Henry Baker alipendekeza dawa ya kushangaza: rundo liachwe lijae, na likikaribia ukomo, vitu vinavyohitajika bado vihamishiwe mahali pengine na rundo lote lianze upya. Mfumo wa Scheme uitwao Chicken ulijengwa juu ya wazo hilo.

Mfano wa tatu ni wa usafi. Lugha nyingi humwondolea mwandishi wa programu kazi ya kurudisha kumbukumbu aliyoikopa. Ndani yake mna mfagiaji anayepita na kuokota vilivyoachwa. Mfagiaji huyo lazima ajue vitu vyote vinavyotumika bado, asije akatupa sahani yenye chakula. Kompaila ya C huweka anwani za vitu popote ipendapo, na haimwambii mtu. Hivyo watafsiri wengine huandika daftari lao la kando, wakilipa kwa mwendo wa programu. Wengine hutumia mfagiaji wa namna ile waliyoieleza Hans Boehm na Mark Weiser mwaka 1988, ambaye kila namba inayofanana na anwani huihesabu kuwa anwani, ili asikosee kwa kutupa.

Cfront yenyewe iliishia katika tatizo la aina hii. C++ ilipoongezewa utaratibu wa kushughulikia dharura, ambapo kosa likitokea ndani kabisa ya fanksheni zilizoitana programu hupanda ngazi kwa ngazi huku ikikisafisha kila chumba inachotoka, C haikuwa na njia nzuri ya kueleza mpando huo. Jaribio la kuuingiza utaratibu huo katika toleo la 4 la Cfront liliachwa mwaka 1993. Wakati huo zilikuwapo kompaila nyingine, kama ile ya mradi wa GNU iliyotoka mwaka 1987, zilizokwenda hadi kwenye mashine bila kupitia C.

Kituo cha lazima

Huenda msomaji akadhani kwamba mambo haya ni ya kale. Lakini yamejirudia, tena kwa ukubwa zaidi, katika intaneti. Mwaka 1995 Brendan Eich wa kampuni ya Netscape alitunga JavaScript ili kurasa ziweze kutenda mambo madogo madogo. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa lugha pekee ambayo vivinjari vyote vya kurasa viliielewa. Aliyetaka kupeleka programu ya Java au ya C++ katika kivinjari bila kumtaka mtumiaji aongeze kitu chochote hakuwa na hiari: ilimbidi aitafsiri kuwa JavaScript. Google ilitoa chombo cha kuitafsiri Java namna hiyo mwaka 2006, na miaka michache baadaye Alon Zakai wa Mozilla akatengeneza Emscripten kwa ajili ya C na C++.

Hasara ilionekana mara moja. Namba ya kawaida ya JavaScript ni ya desimali ya biti 64, na juu ya 9,007,199,254,740,992 haiwezi tena kutofautisha kila namba kamili na jirani yake: ukiandika namba inayoishia na 993, utarudishiwa ile inayoishia na 992. Tena lugha hiyo haina njia ya kutangaza kwamba thamani fulani ni namba kamili ya biti 32. Watafsiri wakabuni hila ya kuandika "|0" baada ya kila hesabu. Alama hiyo haibadilishi namba kamili ya biti 32, lakini inaishuhudia. Ni sawasawa na Mhaya anayeongeza "jana" katika Kiswahili chake ili Mkikuyu asipotee. Mwaka 2013 hila hizo zilikusanywa na kuwekewa kanuni chini ya jina la asm.js.

Hatimaye waundaji wa vivinjari wenyewe waliona kwamba kuvumilia hila hakutoshi. Mwaka 2015 walitangaza WebAssembly, lugha ya kati iliyotungwa mahususi iandikwe na kompaila, yenye namba kamili za biti 32 na za biti 64. Kufikia Novemba 2017 vivinjari vikuu vinne vilikuwa vimeikubali, na Desemba 2019 ikawa sanifu rasmi ya mtandao.

Hukumu

Wanaoipinga njia hii husoma historia hiyo na kusema: tazameni, Cfront imekufa, JavaScript imepewa mrithi, yafaa kila mtu ashuke hadi kwenye mashine tangu mwanzo. Hapana shaka mwisho wa habari umewaunga mkono kwa kiasi. Lakini wamesahau mwanzo wake. Kama Stroustrup angengoja hadi awe na kompaila kamili kwa kila aina ya mashine, huenda C++ isingetoka nje ya maabara. WebAssembly nayo isingejua la kufanya kama asm.js isingetangulia kuonyesha, kwa majaribio ya kweli, ni maana zipi zilizokuwa zikipotea. UNCOL ilianza na lugha kamilifu isiyokuwapo. Cfront ilianza na lugha pungufu iliyokuwapo. Matokeo yanajulikana.

Wengine husema kwamba siku hizi upo mfumo wa LLVM, ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000 na Chris Lattner na Vikram Adve, wenye lugha yake ya kati ambayo kompaila za Rust, Swift na Julia huitumia. Basi C ya nini? Hoja hii ina uzito, na mwenye watu wa kutosha na aifuate. Lakini LLVM ni jengo kubwa, na njia za kuingilia humo hubadilika kutoka toleo hadi toleo, hata mtunzi mmoja aweza kumaliza mwaka akikimbizana nazo. Maandishi ya C yaliyofuata sanifu ya 1989 yangali yanakubaliwa na kompaila za leo. Aidha ziko chipu ndogo ndogo ambazo waundaji wake wameziandalia kompaila ya C peke yake. Kwa mtu mwenye mikono miwili na kompyuta moja, hayo si mambo madogo.

Kwa hiyo lugha ya ngazi ya juu ni kituo halali, kwa masharti manne. Kwanza, ukaguzi wote wa programu ufanywe kabla ya kufika kituoni. Stroustrup alisisitiza kwamba kosa la mtumiaji lazima lisemwe na Cfront, kwa lugha ya mtumiaji. Kompaila ya C ikilalamika, mwenye kosa ni Cfront. Mkulima aliyeandika barua kwa Kihaya asirudishiwe masahihisho ya sarufi ya Kiswahili.

Pili, mtafsiri asitegemee jambo lolote ambalo lugha ya kati haikulifafanua, hata kama leo laonekana kufanya kazi. Kuzunguka kwa namba kunatakiwa? Basi hesabu iandikwe kwa namba zisizo na alama, ambazo C imeziahidi kuzunguka.

Tatu, kila mstari wa tafsiri ukumbuke ulikotoka. C inaruhusu kuandikwa ndani yake namba ya mstari wa asili na jina la jalada lake. Kuiacha ruhusa hiyo bila kuitumia ni uzembe.

Nne, mlango wa kutokea uachwe wazi. Kompaila iwe na picha yake ya ndani ya programu, isiyo ya C, ambayo C huandikwa kutokana nayo. Kompaila ya Haskell iliyozaliwa Glasgow ni shahidi. Mwanzoni iliandika C, na watunzi wake, akiwamo Simon Peyton Jones, walifikia hatua ya kuwa na programu ndogo iliyoyahariri matokeo ya kompaila ya C baada ya kutoka, waliyoipa jina la utani lenye maana ya mvurugaji mwovu. Lakini kwa kuwa ndani mlikuwa na picha yao wenyewe ya programu, waliweza baadaye kuandika njia ya kwenda kwenye mashine moja kwa moja bila kuivunja nyumba. Hata leo njia ya C imehifadhiwa humo, kwa ajili ya kuivusha lugha hiyo hadi kwenye mashine mpya.

Zoezi la shule

Mambo haya si ya vyuo vikuu peke yake. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayejua C kidogo aweza kutunga lugha yake katika likizo moja. Lugha hiyo yaweza kuwa na sentensi kama hii:

kama alama >= 45 basi andika "Amefaulu"

Programu ya mistari mia chache yatosha kuisoma na kutoa badala yake:

if (alama >= 45) puts("Amefaulu");

Siku hiyo mwanafunzi ataona fahari, na ni haki yake. Lakini mwalimu asimwachie hapo. Amwambie aandike katika lugha yake 7 / 2. Ikiwa mwanafunzi alikusudia namba zote za lugha yake ziwe za desimali, jibu analolitaka ni 3.5. Akiwa amezinakili tarakimu na alama kama zilivyo, C itamjibu 3, kwa kuwa katika C namba kamili zikigawanywa hutoa namba kamili. Hakuna kompaila itakayolalamika, wala hakutatokea tangazo la kosa. Nusu nzima itakuwa imepotea njiani, kimya kimya, kama ilivyopotea "jana" ya Mhaya. Mwanafunzi atakaporudi kwenye programu yake na kuifundisha iandike 7.0 / 2.0, atakuwa ameshika jambo ambalo vitabu vinene hulieleza kwa taabu: kutafsiri ni kubeba maana, na sura ya maneno ni chombo tu.

Kompaila nyingi zitumikazo leo ziliandikwa na watu wengine, mbali na shule hizo, kwa mahitaji yao. Hilo halitabadilika kwa kulilalamikia. Litabadilika pale watakapopatikana vijana wanaojua kwamba lugha ya programu si kitu kilichoshuka kutoka mbinguni, kwamba yaweza kutungwa na mtu mmoja mwenye subira, na kwamba ngazi ya kuipandia tayari imesimikwa karibu katika kila mashine. Waipande, ila wazikague kwanza fito zake, wajue ni upi uliolegea.